Dakika Ishirini na Tano za Kanduyi

Wekoye alikuwa na sharti moja tu katika kazi yake, na alilitangaza kwa kila mtu aliyekaa naye zaidi ya dakika tano: haandiki bao ambalo hakuliona kwa macho yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika ukurasa wa michezo wa Habari za Nzoia, gazeti la kila Jumapili lenye ofisi Kitale na wasomaji mpaka Bungoma, na katika miaka hiyo yote makocha walimpigia simu wakimbembeleza, walimu wakuu walimwita chai, na mheshimiwa mmoja alimtumia jogoo mzima akiwa hai. Jogoo alirudishwa. Matokeo hayakuandikwa, kwa sababu Wekoye hakuwa uwanjani.

Hakuwa mtu wa kukaa jukwaani. Alitembea kando ya mstari, akipanda na washambuliaji na kushuka na mabeki, daftari mkononi na kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Kufikia kipenga cha mwisho alikuwa amechoka kama winga. Mishahara ya Habari za Nzoia ilikuwa ya kuchekesha, mkewe aliacha kumuuliza habari za Jumamosi zamani za kale, lakini mtu huyo alikuwa na furaha ambayo wakubwa wengi hawana. Akipita sokoni Kitale wauza mboga walimwita, "Wekoye, Jumamosi ni nani?" naye alisimama na kuwajibu kwa kirefu mpaka sukuma wiki inyauke.

Sasa msikilize alivyojikwaa.

Ilikuwa Jumamosi ya fainali ya Kombe la Mavuno la wasichana, katika uwanja wa Kanduyi. Bokoli Sisters walikuwa wakicheza na Kipsongo Queens, na mshindi angekwenda Kakamega kukutana na mabingwa wa kaunti nyingine. Kufikia dakika ya sitini na tano Bokoli walikuwa mbele, mabao mawili kwa bila. Hapo mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja, mpaka mistari ya chokaa ikafutika na wachezaji wakakimbilia chini ya jukwaa. Mgeni wa heshima aliingia kwenye gari lake akaondoka, na kombe likiwa kwenye kiti cha nyuma.

"Tungoje kidogo," refa alisema, akikamua jezi yake.

Wekoye alimcheka waziwazi. "Ungoje nini, bana? Mimi nimezaliwa Bokoli hapo. Hii mvua ikianza saa hii na upepo unatoka kwa mlima, utalala hapa."

Mtu wa Kitale angengoja. Mtu wa Nairobi angengoja, maana hajui kitu. Lakini Wekoye aliijua mvua ya Bungoma kama anavyomjua shemeji mkorofi, anajua saa yake ya kuja na saa yake ya kuondoka. Kanuni za mashindano aliziweka kichwani pia: mechi ikivunjika baada ya dakika ya sitini, matokeo yanabaki yalivyo. Basi alivuka barabara, akaagiza chai na mandazi, akaandika kwenye simu kwamba Bokoli Sisters ni mabingwa, akaituma taarifa ofisini, akapanda gari kurudi Kitale. Hakukuwa na haraka yoyote. Kurasa zilikuwa hazifungwi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Gari lilipofika Kamukuywa jua lilikuwa linachoma. Wekoye alilitazama kupitia dirisha. Simu moja tu ya kuulizia ingetosha. Akajiambia kwamba jua la Kamukuywa si la Kanduyi, akaivuta kofia yake machoni, akalala.

Jumapili saa sita, watu wakitoka kanisani na gazeti likiwa mikononi mwao, simu yake ililia. Alikuwa Linet, kocha wa Kipsongo Queens, mwanamke wa maneno machache anayeuza mitumba siku za wiki.

"Wekoye, tulishinda," alisema. "Mvua ilikatika baada ya dakika ishirini. Tukarudi, tukafunga tatu. Tatu kwa mbili. Wewe umeandika tumepigwa."

Wekoye alihisi uso ukimwaka kama mtoto aliyenaswa mkono ukiwa ndani ya sufuria.

"Mimi si hoja," Linet akaendelea. "Hoja ni Vivian, kapteni wangu. Babake amesoma gazeti yako, na anamwambia ni mwongo."

Jumatatu asubuhi alimweleza mhariri wake, Agneta, ambaye alimsikiliza huku akitafuna kalamu. Agneta hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho wahariri husema: mistari miwili chini ya ukurasa wa saba Jumapili ijayo, tunaomba radhi kwa hitilafu iliyojitokeza.

"Haikujitokeza," Wekoye alisema. "Mimi ndiye niliyeileta."

"Basi niandikie taarifa kamili ya hizo dakika zilizobaki, nitakupa nusu ukurasa."

"Sikuziona."

Agneta aliacha kutafuna. Alilijua lile sharti. Alilisikia kila wiki. Alimwangalia kwa huruma kiasi cha kumfanya Wekoye atamani kumwagiwa maji baridi.

Jumanne alikwenda Kipsongo. Nyumba ya akina Vivian aliipata bila taabu, kwani kila aliyemuuliza alimtambua kutokana na picha yake ndogo gazetini, na kila mmoja alimpa pole ambayo haikuwa ya kumfariji. Mzee Kigen, babake Vivian, alikuwa amekaa mlangoni akishona kiatu. Alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi kwenye maghala, kifua kipana, mikono mizito. Alipomwona mgeni alisimama, akajifuta mikono, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ni Wekoye mwenyewe! Mimi ndiye husomea wengine ukurasa yako kila Jumatatu, saa ya chakula. Miaka kumi na tano sasa. Vivian! Leta kiti ya mgeni!"

Vivian alileta kiti, akakiweka chini kwa kishindo kidogo zaidi ya kinachohitajika, akasimama kando na kukunja mikono. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na tisa, na alimtazama Wekoye kama beki anavyomtazama mtu aliyeshindwa kurudi nyuma kukaba.

Wekoye hakukaa. "Mzee Kigen, nimekuja kwa sababu nilikosea. Hawa wasichana walishinda. Mimi nilitoka mapema."

Kigen alicheka, akatikisa kichwa. "Wewe? Kutoka mapema? Usinichezee, ndugu yangu. Ati huyu msichana amekuja kukulilia, na wewe uko na roho nzuri, unamtetea. Naelewa. Lakini gazeti ilisema."

"Gazeti ni mimi, mzee."

"Si ndio nasema! Kama ni mtu mwingine ameandika, ningesema labda. Lakini ni wewe."

Wekoye aliona aibu yake ikiongezeka mara mbili hapo hapo, maana alichokuwa akikitafuta kwa miaka ishirini na sita, yaani kuaminiwa bila swali, alikuwa amekipata, na kilikuwa kimesimama mbele yake kikimwita binti wa watu mwongo. Kombe halikuwepo la kumwonyesha. Lilikuwa bado kwenye gari la mgeni wa heshima. Mashabiki walikuwa wametawanywa na mvua, na picha hazikuwepo pia, kwani simu zote zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la kocha.

Tena kulikuwa na jambo zaidi. Kigen na bintiye walikuwa wamewekeana ahadi kabla ya fainali. Wakishinda, Vivian angeendelea na mpira mwaka mmoja zaidi. Wakishindwa, angetundika viatu na kwenda Kapsokwony kwa shangazi yake Chepkemei kujifunza ushonaji. Shangazi alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Angekuja Ijumaa.

"Mimi nilimpa neno yangu, na yeye akanipa yake," Kigen alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Kushindwa si aibu. Kusema uongo ndio mbaya. Kama mlishinda, Jumapili niione imeandikwa."

"Jumapili nitakuwa nimeshaenda, baba!" Vivian alilipuka. "Na huyu hawezi kuandika, hakuona! Alikuwa anakula mandazi!"

Ilikuwa kweli tupu, nayo ilimchoma. Wekoye alivua kofia, akaikunja mikononi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alitamani kitu kama alivyotamani kuzirudisha zile dakika ishirini na tano.

"Nionyeshe basi," alimwambia Vivian.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hizo dakika. Kila kitu, nani alikuwa wapi, nani alimpa nani. Nitatembea kando ya mstari kama kawaida yangu. Niko tayari kesho saa kumi." Akamgeukia Kigen. "Na wewe mzee uje. Kama ni uongo, wasichana kumi na mmoja hawawezi kuucheza wote pamoja bila kugongana."

Kigen aliwaza, akakiangalia kile kiatu. "Hapo umesema," akakubali.

Siku ya pili saa kumi uwanja wa Kipsongo, ambao ni udongo mtupu wenye magoli ya miti, ulikuwa umejaa watu. Linet aligawanya wasichana wake: wengine wakawa wao wenyewe, wengine wakavaa mifuko ya sandarusi kichwani ili wawe Bokoli. Ugomvi ukaanza papo hapo.

"Wewe hukuwa hapo! Ulikuwa umeanguka!"

"Nilianguka baadaye, bana. Baada ya kona."

"Kona ya kwanza ama ya pili?"

Wekoye alisimama pembeni na daftari lake, na polepole kitu kikamlegea kifuani. Waongo hukubaliana haraka. Hawa walibishana juu ya kila hatua, wakarudia, wakasahihishana, mmoja akalia kabisa alipoambiwa pasi ilikuwa ya mwenzake. Bao la kwanza lilipatikana kwa kichwa, kutokana na kona ya pili. La pili lilikuwa penalti, na aliyeushika mpira kwa mkono siku ile aliigizwa vizuri mno hivi kwamba watazamaji walimzomea kama mkosaji wa kweli. Wekoye alipanda na kushuka, akiandika, akitoka jasho. Alikuwa na raha tele, na alijionea haya kuwa na raha.

Ikabaki dakika ya themanini na tisa. Hapo ikaonekana kwamba hakuna kipa wa Bokoli, kwa kuwa msichana aliyekuwa akiigiza alikuwa ameumia kidole kwenye ile penalti.

"Baba," Vivian akaita. "Ingia goli."

Watu wakaangua kicheko. Kigen alikataa, akasukumwa, akakataa tena, mwisho akavua koti na kulitundika kwenye mlingoti. Alijaza lile goli kama gunia lililosimamishwa wima.

"Mimi nitatoka na mpira huku," Vivian alimweleza, "nitampita huyu, nitapiga kona yako ya kushoto, chini. Kipa aliruka kulia. Kwa hivyo wewe ruka kulia."

"Kwa nini niruke kulia na najua unapiga kushoto?"

"Kwa sababu ndivyo ilikuwa!"

"Kipa huyo alikuwa hajui. Mimi najua." Kigen alitemea viganja mate, akavisugua. "Kama hiyo bao ni ya kweli, ipite na mimi nikijua."

Linet alimtazama Wekoye, na Wekoye akafungua mdomo aseme kwamba huko si kuonyesha tena, huko ni mechi nyingine. Akaufunga. Vivian alikuwa ameshageuka, anarudi katikati ya uwanja kuuchukua mpira.

Alianza polepole. Msichana wa kwanza mwenye sandarusi alimjia, naye akampita kwa upande wa ndani, kama alivyosema. Wekoye alikuwa akikimbia sambamba naye kando ya mstari, amesahau daftari, amesahau umri. Mbele yao Kigen alisogea hatua moja kushoto, waziwazi, bila hila, akainama na kupanua mikono yake ya magunia. Nafasi iliyobaki kati yake na mlingoti haikutosha kupitisha kuku. Upande wa kulia goli lote lilikuwa wazi, na mtu yeyote mwenye akili angepiga huko.

Vivian alipiga kushoto, chini.

Kigen aliruka kabla mguu haujaugusa mpira. Aliruka kwa mwili wake wote, mzee mzima, vumbi likatimka, na mpira ukapita kati ya vidole vyake na mlingoti ukaenda kugonga ukuta wa choo nyuma ya goli. Hakuna aliyeshangilia. Wote walimwangalia mzee aliyelala kifudifudi.

Kisha akageuka chali, akaitazama mikono yake, kwanza mmoja, halafu wa pili. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakujisumbua kuyaficha.

"Hiyo," alisema, "haishikiki."

Vivian alikuwa amesimama palepale alipopigia, mikono kiunoni, akihema. Hakumkimbilia. Alingoja.

Wekoye alimkaribia Kigen, akainama kumsaidia ainuke. "Mzee, nitaandika kwamba sikuwepo Kanduyi. Kwa jina langu, juu kabisa ya ukurasa. Halafu nitaandika nilichokiona leo."

"Andika unavyotaka," Kigen alisema. Alijipapasa kifuani, akagundua koti liko mlingotini, akalifuata akichechemea na kutoa simu mfukoni. Alibonyeza namba, akalitaja jina la dadake kwa sauti kabla hajajibiwa, kama watu wasioamini simu wanavyofanya.

"Chepkemei? Chepkemei, unanisikia? Usikuje Ijumaa." Alisikiliza, akipangusa udongo kwenye goti. "Hapana, hakuna mgonjwa. Ni Vivian. Ako na mechi Kakamega."