Madebe Arobaini na Mawili ya Mafuta ya Taa

Miaka kumi na moja nimekagua vitabu vya watu wema, na nasema bila kuficha kwamba watu wema wanachosha kuliko wezi. Mwizi ukimkamata kazi imekwisha. Mtu mwema ukimkamata ndipo kazi inapoanza.

Mama Pelagia alikuwa mtu mwema. Alilea yatima thelathini na mmoja katika kituo chetu nje kidogo ya Kibondo, wengi wao watoto waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Mimi, Gharibu, nilikuwa mkaguzi wa shirika, na ofisi yangu ilikuwa Kasulu. Fedha zilitoka kwa kamati ya wafadhili, watu wa sala waliokaa mbali, ambao kila mwaka walinituma nikaangalie kama shilingi zao zimefika kwa watoto. Nikiandika vibaya, kituo kinafungwa.

Juni ya sabini na sita nilifika Kibondo nikiwa nimelala njiani, maana lori liliharibika karibu na Nyakitonto. Mgongo uliniuma na sikuwa na hamu ya kumwona mtu. Nikafungua kitabu cha matumizi, na ukurasa wa tatu tu nikakuta mafuta ya taa, madebe arobaini na mawili kwa mwaka mmoja. Nikainua macho. Kituo kizima kilikuwa na taa mbili za chemli, na moja ilikuwa na kioo kilichopasuka.

Nikamwita Mama Pelagia, nikamwuliza mafuta hayo yaliwaka wapi. Hakubabaika hata kidogo. Alifuta mikono kwenye khanga, akakaa, akaniambia ni pombe.

Nilifunga kitabu. Sheria ya kwanza ya kamati, iliyobandikwa ukutani juu ya kichwa chake, ilisema fedha za watoto hazinunui kileo. Mimi mwenyewe sijaonja pombe tangu nizaliwe, na nilihisi hasira inanipanda kwa sababu nilijua sitamaliza siku ile.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni. Kituo kina shamba la maharage la ekari nane. Watoto hawawezi kulilima. Basi kila msimu anapika pombe ya ndizi, anawaita majirani, nao wanakuja na majembe yao, wanalima siku nzima, jioni wanakaa pamoja na kunywa. Maharage hayo ndiyo yanayowalisha watoto miezi minane. Alinipeleka ghalani, nikaona magunia yamefika darini. Kuhusu kitabu, alisema karani wa shirika alimfundisha kwamba kila shilingi lazima iwe na mstari wake. Chakula, nguo, dawa, vibarua, mafuta ya taa. Mstari wa pombe haukuwapo.

"Mafuta ndiyo yaliyokuwa na nafasi kubwa, baba," alisema. "Nikaandika humo."

Nilipiga hesabu mara mbili. Hakuna senti iliyopotea. Ndizi, mtama wa kuchachushia, mitungi, vyote vililingana. Na pombe ile ilikuwa imeleta chakula ambacho kamati isingeweza kukinunua kwa fedha mara tatu ya hizo. Lakini hayo si ya kuandika kwenye fomu.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilichoka, nilimpenda yule mama, nilitaka kurudi nyumbani. Nikamwambia tutafuta maneno mafuta ya taa kitabuni, tutaandika vibarua. Kilichotakiwa ni majina ya waliolima na alama ya dole gumba mbele ya kila jina, kwamba wamepokea ujira. Kamati ilipenda sana madole gumba.

Aliyewaongoza wakulima alikuwa mzee Ndayiragije, naye mkimbizi, mtu mwembamba mwenye koti la kijeshi lililochakaa. Tulimwita, nikamsomea karatasi, nikamsogezea kidau cha wino. Hakunyoosha mkono. Aliuliza maneno yale yanasema nini, nikarudia kwamba yanasema alilipwa.

"Sikulipwa, bwana mkaguzi," alisema. "Ile ilikuwa ikibiri. Watu wanakwenda kumlimia mwenzao aliyepungukiwa. Nikitia dole hapo nimesema nililipwa ndipo mtoto wa marehemu akala. Nitapita wapi mbele ya watu?"

Nikamwuliza, na ile pombe je. Akanitazama kwa huruma.

"Pombe ni ya kukaa pamoja. Mtu akikulimia ukamwacha aende zake na koo kavu, umemtukana."

Nilimbembeleza kwa nusu saa. Nilimwambia ni karatasi tu, nilimwambia kituo kinaweza kufungwa. Alisema ego, ndiyo, anaelewa, na hakutia dole. Wengine kumi na wanane wakasema kama yeye. Nikaona aibu, si kwa sababu ya pombe, ila kwa sababu ya kidau cha wino nilichokuwa nimekishika.

Basi nikaandika ukweli mtupu. Niliandika kurasa sita, nikaeleza ikibiri, nikaeleza magunia, nikaomba kamati iruhusu. Niliamini kwamba mtu akielezwa vizuri huelewa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na bado niliamini hivyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, la upole sana. Mama Pelagia anasamehewa, kwa kuwa hakuiba. Pombe ni marufuku. Kuanzia msimu ujao wakulima walipwe fedha taslimu, na fungu la vibarua limeongezwa. Fedha za fungu moja zisihamishiwe jingine. Walinishukuru kwa uaminifu wangu.

Juni ya sabini na saba nilirudi. Vitabu vilikuwa safi, sijaona vitabu safi namna ile. Mafuta ya taa, madebe matatu. Chakula, fungu limekwisha tangu Machi, stakabadhi zote zipo. Vibarua, hakuna kilichotumika. Mama Pelagia alifungua sanduku la bati, akanihesabia noti za vibarua moja moja, zikatimia.

Alisema alitangaza ujira. Walikuja vijana wanne siku moja, wakachekwa, hawakurudi. Wazee hakuweza kuwaita bila pombe. Shambani majani yalinifika kiunoni. Ghalani palikuwa na magunia mawili. Watoto walibaki kumi na tisa. Wengine aliwagawa kwa yeyote aliyekubali, na wanne hakujua tena waliko. Waliobaki walikula mara moja kwa siku, na zile noti zilikaa sandukuni, kwa kuwa hazikuwa za chakula.

Fomu iliuliza kama fedha zote zimeonekana. Nikaandika ndiyo. Iliuliza kama kuna dosari. Nikaandika hapana. Nikatia sahihi.

Mama Pelagia alikuwa amesimama mlangoni, amekonda.

"Safari hii nimefanya vizuri, baba?" aliuliza.

"Umefanya vizuri, mama," nilimwambia. "Hesabu zako ni safi."

Aliitikia kwa kichwa, akamwambia mpishi anipakulie uji. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu Kasulu.