Uvundo wa Kiti cha Nyuma

Alhamisi asubuhi nilifungua mlango wa gari letu, na ile harufu ya wiki kadhaa sasa ikanipokea kama mgeni aliyelala humo mwezi mzima bila kuoga. Haikuwa harufu ya kitu kimoja. Ilikuwa soksi mbichi, maziwa yaliyoganda, na kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika kwenye ndoo. Na chini ya yote hayo, kitu fulani cha samaki kinachokukaa kooni, ukitema bado kipo. Nilitema. Clifford, mwosha magari wetu hapa Migori, mtu mzima mwenye wajukuu na mdomo usio na breki, alikuwa anapita na ndoo zake.

"Mama Valentine, umeona nyoka?"

"Afadhali nyoka. Nyoka hanuki."

Uchungu wangu ni kwamba gari hilo lilikuwa la watu. Mimi sipandi gari tupu, gari tupu ni kama sufuria tupu. Nani mtaani hakujua kiti chake humo, na nani hakuacha humo habari za jirani yake? Sasa nikisimama kumbeba mtu ananiambia, "Tangulia tu, nafanya mazoezi." Mazoezi! Watu wa mtaa wetu walianza lini mazoezi?

Hayo ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa Jumapili. Mdogo wangu Linet alikuwa anachumbiwa na Monari, kijana wa Kisii, na mimi kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya wazee, niliahidi kumbeba mama yake hadi kwetu Rodi Kopany. Jumamosi haingewezekana, wao ni Wasabato. Mama huyo, Nyanchama, alikuwa bado hajaitikia uchumba huo kwa moyo.

"Dada," Linet aliniambia, macho yamemjaa maji, "alimwambia Monari kwamba watu wa ziwani wananuka samaki hata wakiwa kwenye harusi. Ukimpandisha humo atashuka njiani, hapo Rongo, arudi kwake. Na mimi nitakuwa nimekwisha."

Mume wangu Elkanah alikuwa na jibu lake, tena alilirudia kwa kila aliyetaka kusikia: ni omena za Scovia. Scovia ni rafiki yangu, huleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Mfangano, na kweli magunia yake yalishapita humo. Akaanza kukwepwa hata sokoni. Siku moja alimjia Elkanah hadi mlangoni.

"Shemeji, omena zangu ni kavu kuliko salamu zako. Zitamwaga supu zikiwa kavu?"

"Harufu haidanganyi," Elkanah akasema, akaning'iniza marashi mengine kwenye kioo. Sasa gari likawa linanuka maiti aliyepakwa marashi.

Basi Alhamisi ile nikamwambia Clifford, ng'oa kiti cha nyuma. Aking'oe, nione kwa macho yangu ninachonusa.

Ee Mungu wangu. Kapeti ilinyanyuka ikilia kama nyama inayotolewa kwenye mfupa. Chini yake kuna lile blanketi nene la kuzuia kelele, nalo lilikuwa limekunywa maji hadi likavimba kama chapati iliyosahaulika kwenye mchuzi. Clifford alilibonyeza kwa kidole kimoja, maji ya rangi ya chai yakachuruzika. Kulikuwa na kipande cha mandazi chenye manyoya ya kijani. Kulikuwa na funza, weupe, wanene, wanajipindapinda bila haraka kama watu waliolipa kodi ya nyumba. Na pembeni ya mkanda wa kiti, uyoga ulikuwa umeota, umesimama na vikofia vyake.

"Hili sio gari," Clifford akasema, amejifunika pua kwa kiwiko. "Ni shamba."

"Omena ziko wapi?"

Akapekua kwa kijiti. Omena hakuna, hata jicho moja.

"Haya ni maji, Mama Valentine, na yanatoka nje. Ukikausha kabla ya kuziba, unapanda upya." Akagonga raba ya mlango kwa kujiamini. "Ni hii raba. Nakuapia."

Akamwaga maji mlangoni, akafungua, akachungulia, hakuona kitu. Akahamia mlango mwingine. Kila akifungua, maji ya nje yanadondoka ndani na kumchanganya. Mwishowe akakubali kwa shingo upande kwamba lazima mtu akae ndani, milango na vioo vimefungwa, aangalie. Lakini gari lina kona nyingi, na macho mawili hayatoshi.

"Macho tu?" nikasema. "Macho nitakuletea."

Ijumaa mchana nikajaza gari. Linet nikampa kiti cha mbele, aangalie sakafu ya miguuni. Scovia nikampa buti la mizigo nyuma, akajikunja humo na tochi ya simu, amenuna. Kiti cha nyuma tulikuwa tumekirudisha, na hapo nikakaa na mama mkwe wangu Zilpah, aliyekuja kutoka Kendu Bay kwa ajili ya Jumapili. Elkanah akasema ana kazi.

"Kazi gani?" mama yake akamuuliza. "Ingia!"

Akaingia nyuma ya usukani.

Vioo vikafungwa. Yawa! Pumzi za watu watano, jua la mchana, na ule uvundo unapanda kutoka sakafuni joto joto kama mvuke wa matumbo yasiyooshwa. Nilihisi unanikaa kwenye meno. Linet alikuwa anaguna, pua ameibana kwa vidole. Nje, Clifford alianza na mpira wa maji chini kabisa.

"Naanza chini!" akapiga kelele. "Nikianza juu maji yatateremka yanidanganye!"

Milango: kavu. Taa za nyuma: Scovia akajibu kavu, tena kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Kioo cha mbele: kavu.

"Si nimewaambia?" Elkanah akasema, mkono tayari kwenye kitasa. "Ni omena. Tushuke."

"Kaa," nikamwambia.

Mama Zilpah, yeye hajui kukaa kimya kwenye gari lililojaa, alikuwa ameanza kutupa habari za mhubiri fulani na mpishi wake. Alifika pale penyewe hasa, kichwa amekiinua, mdomo wazi, na Clifford akapeleka maji juu ya paa. Tone likamdondokea kinywani.

Akanyamaza. Akalionja, maskini, kabla hajajua anaonja nini. Halafu akatema mapajani mwangu.

"Wuololo! Sabuni! Gari hili limenitemea mate ya sabuni!"

Tukamulika juu. Kitambaa cha dari kilikuwa kimefanya doa la kahawia kama la kikojozi, na katikati ya doa povu lilikuwa linatoka, viputo vidogo vidogo, vinapasuka na kunuka. Maji yakaambaa kwenye nguzo ya mlango, yakazama chini ya kapeti kimya kimya.

Clifford alikuwa tayari amepanda juu, anakwangua kwa ukucha. "Mashimo manne! Yamepakwa rangi juu. Ndani ni sabuni ya kipande!"

Wote tukamgeukia Elkanah. Mwezi wa tatu alifunga keria juu ya paa kubeba jeneza la baba yake mdogo kutoka mochari ya Homa Bay hadi Kendu Bay. Baada ya maziko nilikataa kupanda gari lenye kitanda cha maiti kichwani, akaing'oa. Mashimo, alituambia, yamechomelewa na fundi.

"Sabuni inaziba hata tangi la petroli," akasema, akiutazama usukani. "Kila dereva anajua."

"Petroli haiyeyushi sabuni, omera, ndugu yangu!" Clifford akamjibu kutoka juu. "Mvua inafulia!"

"Kwa hiyo ulijua." Sauti ya Scovia ilitoka buti, taratibu. "Kila mvua iliponyesha ulijua, na ukaniachia mimi uvundo wako."

Elkanah akapapasa kitasa cha mlango. Nikamwangalia shingo yake inayotoka jasho, na nawaambia ukweli, wale funza walinichukiza kidogo kuliko yeye.

Sabuni ikakwanguliwa, mashimo yakakaushwa, bolti zikaingia na raba na silikoni. Clifford akamwaga maji hadi akachoka, dari likabaki kavu. Kapeti na blanketi tukavichoma, moshi wake ukafukuza kuku wa jirani. Sakafu tukaisugua kwa maji moto na siki, na Jumamosi kutwa gari likaanikwa milango wazi. Harufu ilipungua, ila sponji ya kiti ilishakunywa, na kiti hakikuwa na mbadala.

Jumapili Nyanchama akatoka kwake amevaa kitenge kilichopigwa pasi hadi kinakata. Akaketi kati yangu na Linet, miguu juu ya bati tupu. Hatujafika hata barabara kubwa, pua yake ikacheza.

"Ni samaki?" akauliza.

Linet akanishika mkono, kucha zikaniingia. Elkanah, aliyeshika usukani, alinitazama kwenye kioo. Ningeweza kumsaidia. Nikatazama dirishani.

"Si samaki, mama," Elkanah akasema hatimaye. "Ni mimi. Niliziba paa kwa sabuni, mvua ikaingia, gari likaoza. Nikamsingizia mama wa watu anayeuza omena."

Nyanchama akafungua kioo chote, akajifunika pua kwa leso.

"Afadhali," akasema ndani ya leso. "Nilidhani ndivyo ukoo mzima unavyonuka. Kumbe ni mmoja tu, tena wa kuoa, si wa damu." Akampapasa Linet gotini. "Endesha, baba. Nikitaka kutapika nitakuambia."

Elkanah akaendesha. Hadi Rodi Kopany Nyanchama hakutapika.