Watu Arobaini
Mtandao mkubwa ulimfungia Nasimiyu ukurasa bila kumwambia kosa, na wafuasi wa miaka tisa wakapotea hivyo hivyo. Rafiki yake Jamleck akamvuta kwenye mtandao mdogo unaoendeshwa na wapiga picha wenyewe.

“Watu arobaini, kila mtu na kamera yake,” Nasimiyu alimcheka. “Nani huko atamtazama baba yangu?”

Hata hivyo aliiweka picha ya marehemu baba yake akishona viatu pale Adams Arcade, Nairobi. Kule kwenye mtandao mkubwa wa matajiri ilikuwa imepata laiki elfu mbili, na hakuna aliyeuliza jina lake. Huku ilikaa siku tatu kimya, kisha mpiga picha mmoja mzee akaandika: “Binti, huyu fundi alishonea mkono wa kushoto, ama umegeuza picha?”

Nasimiyu alifuta macho kwanza. “Wa kushoto, mzee. Aliitwa Joash.”