Viatu vya Bibi Petronila

Eleuterio Zamarripa aliandika vitabu vitano ambavyo hata jamaa zake hawakuvinunua. Cha sita ndicho kilichomtoa. Mhariri wa New York alimwambia kwamba mashairi yake ni mazuri ila hayana mto wa kuvuka kutoka Mexico, na mshairi wa mpakani Texas asiye na mto nani atamsoma? Basi akampa mto. Katika shairi akamvusha bibi yake Petronila, maji ya kifua, viatu vimening'inia shingoni. Zikaja tuzo, ikaja mialiko, na shule zikaanza kulifundisha shairi lake. Viatu vile vimemlisha miaka kumi na tisa.

Petronila hakuvuka kitu. Alizaliwa ng'ambo hii hii, kama mama yake, kwenye shamba ambalo wazungu walikuja kulitwaa kwa hati za kughushi. Hiyo ndiyo hadithi ambayo Eleuterio alisimuliwa na shangazi yake Hermelinda, binti ya Petronila, na ndiyo aliyoitupa.

Mwaka huu, Siku ya Wafu, ambapo marehemu huwekewa meza ya vitu walivyovipenda ili warudi kuzuru, shule ya mtaani kwao iliandaa meza ya kumkaribisha bibi wa mshairi. Shangazi Hermelinda ana miaka themanini na minane. Kiingereza hakijui, vitabu vya Eleuterio huvipangusa vumbi tu. Aliombwa picha ya mama yake, akaileta mwenyewe, kaifunga kwenye mtandio. Akaiweka katikati ya maua ya manjano na mishumaa, kisha akaona mto wa karatasi ya buluu, na kando yake jozi ya viatu vilivyoloweshwa.

"Teyo," akamwita Eleuterio, "viatu vya nani hivi?"

"Vya bibi, shangazi. Mambo ya shairi tu."

"Mama aliuogopa mto, hata kufua hakwenda. Nani kawadanganya hawa watoto?"

Mwalimu akadakia kwa furaha, "Si mshairi wetu mwenyewe, mama! Kitabuni, bibi anavyovuka kuja huku. Watoto wote wamelikariri shairi."

Shangazi akamtazama mpwa wake. Eleuterio alitamani amtukane, yaishe.

"Kahawa yake iko wapi?" akauliza shangazi. "Tumbaku yake? Karata zake?"

"Hazikuwekwa," akasema Eleuterio.

"Basi Mama akija leo atapita tu. Atajua hapa anangojewa mwingine." Akamshika mkono. "Waambie, Teyo. Waambie alizaliwa hapa."

Watoto walikuwa wameshakaa, wanamngoja. Eleuterio akafungua kitabu.

"Nisome kwanza, shangazi. Nitawaambia baadaye."

"Mimi na umri huu, baadaye ipi?"

Akaichukua picha, akaifunga tena kwenye mtandio.

"Viatu baki navyo," akasema. "Ni vyako."

Akatoka polepole, akishika viti. Eleuterio akasimama mbele ya meza, akasoma shairi lote bila kukosea hata neno. Wakampigia makofi mengi. Hakuna aliyeuliza picha imekwenda wapi.