Jiwe la Kutazamia Nyumbani

Kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi gari la matembezi liliondoka mbele ya posta likiwa na abiria kumi na wanne. Aliyewakatia tiketi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, asiyemwonea mtu haya. Kwenye ubao nyuma yake zilikuwa zimeandikwa kwa chaki sehemu zote ambazo mtu wa mji ule mdogo angeweza kwenda na kurudi kabla ya jioni: chemchemi ya maji moto, kilomita thelathini, pango la popo, arobaini na moja, magofu ya kiwanda cha sabuni, kumi na nane, ambako hakuna aliyekwenda mara mbili, na mwisho wa barabara, Jiwe la Tundu, hamsini na mbili.

Jiwe hilo lilikuwa na tundu moja, usawa wa kifua, upana wa sahani. Ukichungulia uliona nyumbani kwako, kama palivyo saa ile ile, kuta zikiwa hazizuii kitu. Sauti tu ndiyo haikufika. Kila mtu aliona kwake, si kwa jirani. Halmashauri ilikuwa imejenga choo na kuweka benchi, na mwanamke mwenye koti la kung'aa alisimama kando na filimbi: dakika tatu kwa mtu, kisha zamu ya mwingine. Muuguzi wa zahanati alikwenda kuangalia kama alizima jiko. Mwalimu mstaafu alitaka kumjua mwizi wa mayai yake, akakuta ni mbwa wake mwenyewe, akarudi amenuna njia nzima.

Mkaguzi wa mizani alikwenda kwa sababu ya kiti.

Huyu mkaguzi alikuwa mdogo wake yule mkata tiketi, tumbo moja. Siku za kazi alizunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, akizipima mizani za watu na kuwatoa jasho wenye maduka. Kazi ilimfaa, au labda ndiyo iliyomharibu, maana alikuwa hamwamini hata paka. Akirudi nyumbani alishika birika kujua lilichemka saa ngapi. Alitazama kandambili za mlangoni zimeelekea wapi. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa na mistari ya kalamu kama rula. Mke wake alipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, kazi aliyoifanyia sebuleni, na kila rundo lililoingia mkaguzi alilinusa kwanza. Mabinti zao wawili walikuwa na sauti nzuri, lakini yeye hakuwahi kuzisikia sana.

Kiti kilikuwa chake, karibu na dirisha. Siku moja alikuta mto wake umebonyea, na si kwa umbo lake. Alichukua rula akapima, akaandika kwenye daftari: upana, sentimita thelathini na nne. Jumamosi iliyofuata alikata tiketi ya Jiwe.

Kabla ya kutoka aligeuza ndoo ya buluu uani, mdomo chini, bila kumwambia mtu. Saa nne na dakika kumi akainama tunduni. Ndoo ilikuwa vile vile, mdomo chini. Tundu lilikuwa sahihi. Halikuzidisha wala kupunguza. Aliridhika, akahamishia macho sebuleni.

Mke wake alizima pasi, akaja kwenye kiti, akakaa.

Mkaguzi aliganda. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwa amemwona mwanamke yule amekaa, labda siku ya harusi, na hata jambo hilo hakuwahi kulitia maanani, kama mtu asivyotia maanani kwamba mlango umesimama. Sasa alikuwa amekaa, tena amepandisha miguu. Binti mkubwa alisema kitu na wote watatu wakacheka, mke akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka la wageni. Shavu lake la kushoto liliingia kishimo. Mkaguzi hakukijua kishimo hicho. Filimbi ikalia. Aliandika: *4:13. Amekaa. Anacheka. Kishimo, shavu la kushoto. Mwanamume: bado.*

Aliporudi jioni mke alikuwa amesimama anapiga pasi, na mabinti wameinamia vitabu. Aliuliza leo walifanya nini. Mke akajibu kazi tu. Jibu hilo likamthibitishia kwamba kuna jambo.

Basi akawa mteja. Kila Jumamosi alikuwa pale, na daftari likajaa. *Anamsuka mdogo. Anaimba, mdomo unaonekana. Anacheza na shuka kichwani.* Wiki ya sita mke alitoa vikombe vinne badala ya vitatu na moyo wa mkaguzi ukampiga paa. Kumbe kimoja kilikuwa na ufa, akakirudisha. Wiki ya tisa alimbembeleza muuguzi amwachie zamu yake, akachungulia akaona jiko la muuguzi kwa dakika tatu nzima, limezimwa. Zamu ilikuwa na mwenyewe: tundu lilimfuata mwenye zamu, si mwenye jicho. Mwanamume hakutokea.

Wiki ya kumi na saba dada yake aliishikilia tiketi mkononi asimpe.

"Umeshamwona huyo mtu wako?"

"Bado. Anazijua siku zangu."

"Mdogo wangu, Jumamosi nyumba ile ina raha. Umeona kwa macho yako. Siku nyingine haina. Sasa wewe si mpimaji? Pima."

Mkaguzi alifikiri kwa makini. Alikuwa mtu wa haki kwenye hesabu.

"Basi huja siku nyingine," alisema.

Dada alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake. "Ndiyo. Huja siku nyingine. Hukaa mpaka Jumamosi asubuhi."

"Na huingilia mlango gani?"

"Wa mbele."

Aliandika yote mawili, akamshukuru. Akapanda gari, lakini akashuka kwenye kituo cha mafuta, kilomita tatu tu, akajibanza nyuma ya matairi mpaka ikakaribia saa nne. Kisha akarudi kwa miguu, viatu mkononi, akafungua mlango wa mbele ghafla.

Mke alikuwa ameshasimama. Mabinti walikuwa wameshanyamaza. Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, ndani ya kabati, katikati ya mashuka. Halafu akaweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa na joto.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Mimi."

"Kaa nione."

Mke akakaa. Alikaa ukingoni, mgongo wima, mikono magotini, kama watu wanavyokaa zahanati wakisubiri kuitwa. Mkaguzi alipiga magoti na rula yake. Sentimita thelathini na nne. Vipimo vililingana na vya siku ile ya kwanza, na kwa mtu wa mizani suala lingeishia hapo.

"Si hivyo," alisema. "Kaa kama ulivyokuwa umekaa. Pandisha miguu."

Akapandisha miguu.

"Sasa cheka."

Mabinti walitazama sakafu. Mke alijaribu, hakuwa mbishi, lakini kilichotoka kilikuwa kama kikohozi na shavu halikuingia popote. Mkaguzi alibaki amepiga magoti. Alitaka kukiona kishimo kile kwa karibu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na ilimuuma.

"Ulijua nakutazama?"

"Wifi aliniambia wiki ya kwanza."

"Na bado ukacheka?"

"Ulikuwa mbali," alisema mke, akaenda kuwasha pasi.

Maneno hayo aliyatafakari wiki nzima. Kwa hiyo alijua. Na anayejua anachunguliwa, aliona mkaguzi, huficha vizuri zaidi. Ijumaa mke alimpigia pasi shati la safari na kumfungia chakula kingi, cha kumtosha mpaka jioni, asije akarudi mapema kwa njaa.

Jumamosi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Dada alikata tiketi bila kumwuliza aendako. Saa nne na dakika kumi aliinama tunduni. Mke alizima pasi, akakaa, akapandisha miguu. Alimwambia binti mdogo kitu, kisha akalielekea dirisha, upande ule ule inakopita barabara ya Jiwe, akacheka mpaka kishimo kikaingia. Mkaguzi naye alitabasamu, uso wake ukigusa jiwe. Hakuandika hata neno kwa dakika tatu zote.

Filimbi ikalia. Akampisha mwalimu mstaafu, akaketi kwenye benchi la halmashauri, akafungua daftari.

*Mwanamume: bado.*