Alama Nyeupe kwenye Bastola ya Humoud

Alhamisi ya tatu mfululizo risasi za Humoud zilikwenda chini na kushoto. Siku hiyo aliacha kuilaumu bastola, akaanza kumtazama Mahrous.

Humoud hakuwa mtu wa kukosa. Miaka ishirini na mbili aliwafundisha askari wa polisi kulenga, na tangu kustaafu, kila Alhamisi asubuhi alitoka nyumbani kwake mjini Ibra akaenda uwanja wa shabaha, kwenye njia ya Mudhaibi. Mahrous, mwenziwe wa kazini toka ujana, alikuja kwa gari kutoka Samad Ash Shan. Alikuwa na miaka sabini na minne, mitatu zaidi ya Humoud, na bado karatasi yake ilitoboka katikati tu, kama iliyochomwa kwa kidole kimoja.

Tena alikuwa na mtindo mpya. Kila akitaka kutia risasi humpa Humoud mgongo. Huinama juu ya meza, mabega yakamtikisika, chuma kikalia, halafu hugeuka na uso mkavu. Zamani hakuwa na siri hizo. Na ni yeye huyo aliyemsafishia Humoud bastola yake baada ya mazoezi, wakinywa kahawa.

"Pengine ameigusa," Humoud alimwambia mkewe, Ghaniya.

"Ameigusa nini?"

"Ile ncha ya kulengea. Ukiisogeza kiasi cha unywele tu, risasi hukimbia."

Ghaniya akaweka chini kisu cha kumenyea muhogo. "Mahrous aliyekubeba mgongoni ulipovunjika mguu? Muogope Mungu, Baba Maen. Na juzi chupa ya maji umenipa mimi nikufungulie."

"Mkono ulikuwa na mafuta."

"Haya. Mafuta."

Alhamisi iliyofuata, kabla ya kutoka, Humoud alichora kistari cheupe kilichokatiza ncha ya kulengea mpaka kwenye chuma chake. Ikisogezwa, kistari kitavunjika. Mahrous aliisafisha bastola, akaitazama kwa muda mrefu mno, akairudisha. Kistari kilikuwa kimenyooka vilevile. Hilo halikumtuliza Humoud hata kidogo. Anayejua kazi yake, aliwaza, hukirudisha kitu mahali pake.

Wiki ya tano Mahrous alikwenda kutawadha, akaacha mkoba wake mezani. Humoud akaangalia huku na huku, akaufungua. Ndani hamkuwa na ile bastola kubwa aliyoijua. Mlikuwa na ndogo, ya risasi nyembamba, juu yake kijikioo chenye nukta nyekundu.

"Unatafuta nini, Baba Maen?"

Mahrous alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimdondoka kidevuni.

"Umenidanganya," alisema Humoud. "Hii si bastola yako."

"Ni yangu. Ile kubwa niliirejesha polisi mwaka jana, nikaomba kibali cha hii." Akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, kimoja kimepinda. "Hata hii ndogo siku nyingine huivuta mara mbili ndipo risasi iingie. Ulitaka nihangaike mbele yako, wewe mwalimu?"

Humoud aliviona vidole, lakini shaka haikumtoka. "Na yangu umeifanya nini?"

"Yako?" Mahrous akabadilika uso. "Wallahi sikuifanya kitu."

"Basi ipige."

Humoud akaielekeza bastola yake kwenye shabaha, akakivuta chuma cha juu kuingiza risasi. Vidole vikateleza. Akavuta tena, vikateleza. Mara ya tatu kikakubali, naye akaona haya kumtazama mwenzake. Mahrous akaipokea, akapiga mara moja, akakunja uso kwa maumivu. Tundu likaonekana katikati kabisa.

"Bastola haina kosa," alisema taratibu. "Unaisukuma chini kabla haijalia, kwa kuogopa teke lake. Hata mimi nilikuwa hivyo. Na ile ncha ya mbele, unaiona?"

Humoud alitaka kusema ndiyo. "Naiona kama moshi," akasema.

Mahrous akaisogeza shabaha kutoka mita ishirini na tano hadi kumi, akampa ile ndogo. "Usivute. Mkono wa kushoto ukishike chuma karibu na kifua, utulie. Wa kulia usukume mbele. Iweke nukta nyekundu unapotaka, basi. Risasi ishirini, khalas, tunapumzika. Zile mia za zamani zinatuumiza bure."

Nne za mwanzo zilitawanyika. Ya tano ilikaa.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Humoud. "Nilikuchorea alama."

"Niliiona. Nilidhani umeanza kusahau bastola yako ni ipi." Mahrous akatazama pembeni. "Nikampigia simu mwanao Maen. Nimemwambia akutazame."

Humoud hakujua acheke au akasirike. Kosa lake mwenyewe lilikuwa bado bichi, akainama kuokota maganda ya risasi.

Jioni ile ile mwanawe Maen alipiga simu kutoka Nizwa. Akamwamkia shikamoo, akauliza afya ya mama, akauliza mvua. Kisha, kama mtu asiye na haja kubwa, akasema, "Baba, leo tarehe ngapi vile?"

Humoud akamtajia tarehe ya Kiarabu na ya Kizungu, akamwongezea na siku aliyozaliwa yeye Maen, na saa. Halafu akakata simu.