Silabi Tatu za Aceite

Fadhiya alikosa alama moja. Mtihani wa Kihispania ulitaka sitini, naye akapewa hamsini na tisa. Bila cheti asingepata kazi aliyoahidiwa, ya kuwatembeza wageni kutoka Uhispania katika mtaa wa kale wa Ndia Kuu.

Alama hiyo ilipotea kwenye neno aceite, yaani mafuta. Fadhiya aliligawa silabi tatu: a-cei-te. Mwalimu Ronald alikata kwa wino mwekundu, akaandika nne: a-ce-i-te.

Siku ya kurudishiwa karatasi, Fadhiya alisimama darasani, Tononoka, akadai alama yake. Ronald alijibu kwamba kila irabu ni silabi. Akaongeza kuwa Waswahili hawana sikio la mkazo, kwa kuwa wao huuweka pahali pamoja siku zote.

"Si siku zote, Mwalimu," Fadhiya alisema. "Barabara ya kupita, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi ikifanywa barabara, uko ya tatu. Kihispania kingeliwekea hilo kistari cha mkazo juu ya irabu. Kwetu Kuze hata mtoto hakosei."

Watu wakacheka. Ronald akamwambia akae.

Hakukaa. Alikwenda ubaoni akaandika país, nchi. Alieleza kwamba i hiyo ina kistari kwa sababu ni silabi peke yake: pa-ís. Kama i ya aceite nayo ingesimama peke yake, mkazo ungeiangukia, maana ingekuwa ya pili kutoka mwisho, na ingeandikwa kwa kistari. Kitabu cha darasa hakikuwa na kistari hicho ukurasa wowote.

Ronald alisema vitabu hukosea.

"Basi tupigie makofi, Mwalimu."

Ndivyo alivyowafundisha mwenyewe: kofi moja kwa kila silabi. Darasa lilikuwa likimtazama. Ronald alilitamka neno kwa kasi yake ya kawaida, akapiga. Makofi yalikuwa matatu.

"Rudia, Mwalimu," mwanafunzi mwenzake, Chengo, alisema kutoka nyuma. "Huenda mkono mmoja umechoka."

Ronald hakurudia. Aliivuta karatasi, akafuta hamsini na tisa, akaandika sitini, na kando yake: Jibu liko barabara. Akamsukumia bila kumtazama.

Fadhiya aliisoma palepale. Kisha akaomba ile kalamu nyekundu, akaweka kistari juu ya a ya pili ya neno barabara, akamrudishia kalamu yake.